Tunaipenda sauti yake, lakini je, ana kiti mezani?



Jumapili ya leo nataka tuzungumze juu ya jambo linalotokea kimyakimya katika makanisa yetu. Mtu anaweza kupendwa sana kwa kile anachotupa, na papo hapo yeye mwenyewe akakosa mahali pa kukaa miongoni mwetu. Tunaipenda sauti yake. Tunapenda kinanda chake kikilia Jumapili asubuhi. Tunapenda mikono yake jikoni siku ya sherehe. Lakini chakula kikishapakuliwa hatujui yuko wapi, na wala hatuulizi.

Nabii Amosi aliliona jambo hili zamani. Katika sura ya 5 Mungu anawaambia watu wake kwamba nyimbo zao zimekuwa kelele masikioni pake, kwa sababu waimbaji ni walewale wanaowaonea maskini langoni. Hakuna mahali Amosi anaposema waliimba vibaya. Huenda kwaya ile ilikuwa nzuri kweli. Tatizo lilikuwa ni namna walivyoishi na watu baada ya wimbo kwisha.

Ili tulione jambo hili vizuri, nitakupeleka mbali kidogo, hadi Nashville, mji mkuu wa jimbo la Tennessee kule Marekani. Mwaka huu nilifika huko na marafiki zangu watatu, watu tulioimba kwaya moja tangu ujana. Mmoja wetu anaishi Louisville, Kentucky, mji wenye Wakongo wengi wanaosema Kiswahili, na kutoka kwake hadi Nashville ni mwendo wa saa tatu hivi kwa gari. Kwa miaka mingi tulikuwa tunaahidiana kwamba siku moja tutautembelea mji wa muziki wa country, na safari hii tukautembelea.

Muziki huo si mgeni kwetu. Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka sauti ya Jim Reeves kwenye redio za majumbani, hasa nyimbo zake za dini. Kenya ndiko umependwa zaidi. Jim Reeves, Don Williams, Kenny Rogers na Dolly Parton wamepigwa katika redio za huko miaka nenda rudi, na wapo Wakenya wanaouimba wao wenyewe. Kwa hiyo tulipokuwa njiani, kila mmoja alikuwa na lake la kuona. Mwalimu, ndivyo tunavyomwita kwa kuwa ndiye aliyetufundisha sauti nne, alimtaka Jim Reeves. Mwenyeji wetu alitaka kofia na buti. Mchungaji alitaka kuliona jengo la Ryman. Mimi nilitaka kula kuku wao wa pilipili, ambaye sifa zake si za uongo, maana machozi yanakutoka hata kabla ya kumshukuru Mungu kwa chakula.

Mtaa wa Broadway, upande ule ulio karibu na mto Cumberland, ndio watalii wote wanakoenda. Ni baa kwa baa, na kila baa ina bendi, nyingine zina bendi kila ghorofa. Muziki huanza asubuhi na kuendelea hadi usiku wa manane. Sehemu nyingi hakuna kiingilio. Badala yake ndoo hupitishwa kati ya watu, kila mtu atie alichonacho, na wanamuziki hutegemea sana kilichomo ndani ya ndoo hiyo. Ndoo ilipofika mbele ya Mchungaji, Mwalimu alimwambia, "Toa, Mchungaji, leo na wewe upitishiwe kapu." Tulicheka sana. Lakini niliwatazama wale vijana waliokuwa wakipiga gitaa kwa ufundi ambao kwaya nyingi zingeutamani, na nikawaona watu wakiwapiga picha, kisha wakitoka bila kutia kitu.

Nashville vilevile ni mji wa dini. Wamarekani huyaita majimbo yao ya kusini Mkanda wa Biblia, na Nashville wameupa jina la bizimu ya mkanda huo. Makao makuu ya Wabaptisti wa Kusini yako hapo. Wachapaji wakubwa wa Biblia wako hapo. Ofisi kuu ya Wagideoni, wale wanaogawa vitabu vidogo vya Agano Jipya shuleni na kuweka Biblia katika vyumba vya hoteli, iko hapo. Wana hata nakala kamili ya hekalu la Parthenon la Athene, iliyojengwa kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1897, na ndani yake mna sanamu ya Athena yenye urefu wa karibu mita 13. Mchungaji alisimama mbele ya sanamu ile akatukumbusha Paulo katika Matendo 17, jinsi roho yake ilivyochukizwa alipouona mji umejaa sanamu.

Jengo la Ryman nalo lina habari ya kumfurahisha kila mlokole. Thomas Ryman alikuwa nahodha mwenye meli za mvuke katika mto Cumberland. Mwaka 1885 alikwenda kwenye mkutano wa injili wa mhubiri Sam Jones, akaokoka, kisha akaamua kujenga nyumba kubwa ili watu wa mji wapate mahali pa kusikia Neno bila kunyeshewa wala kubanana hemani. Nyumba hiyo ilifunguliwa mwaka 1892. Alipofariki mwaka 1904, ikapewa jina lake. Ukiingia leo utakuta mabenchi marefu ya mbao kama ya kanisa lolote la zamani, na madirisha ya vioo vya rangi. Kuanzia mwaka 1943 hadi 1974 humo ndimo kilimorushwa kila Jumamosi usiku kipindi cha redio cha Grand Ole Opry, kilichoupeleka muziki wa country katika nyumba za Wamarekani. Ndiyo maana watu huliita jengo hilo Kanisa Mama la muziki wa country.

Lakini humohumo juu kuna roshani yenye historia yake. Ilijengwa mwaka 1897 kwa ajili ya mkutano wa maveterani wa jeshi la Kusini, jeshi lililopigana kuutetea mfumo wa utumwa, na ikapewa jina la kuwaheshimu askari hao. Nyumba iliyojengwa ili wenye dhambi wote wapate mahali pa kukaa, haikumaliza hata miaka 10 kabla ya kuonyesha ni nani wanaoheshimiwa zaidi ndani yake.

Sasa twende kwenye jumba la makumbusho la muziki wa country. Mwalimu alikuwa na haraka ya kuingia katika ukumbi wa mviringo wenye vibao vya shaba vya wanamuziki waliotunukiwa heshima ya juu. Alikuwa akimtafuta Jim Reeves, ambaye alikufa kwa ajali ya ndege karibu na mji huohuo tarehe 31 Julai 1964. Alimpata, akapiga picha, akaimba ubeti mmoja kwa sauti ya chini. Katika ukumbi uleule kipo kibao cha mtu ambaye wengi wetu hatujawahi kusikia jina lake: DeFord Bailey. Na huyu ndiye aliyenifanya niandike makala hii.

DeFord Bailey alikuwa mtu mweusi, alizaliwa mwaka 1899 huko Tennessee, mjukuu wa mpiga fidla. Akiwa mtoto wa miaka mitatu aliugua polio, akabaki na mwili mdogo. Alijifunza kupiga kinanda cha mdomo, na aliweza kukifanya kilie kama treni inayopita, kuanzia mbali, ikikaribia, hadi inapotokomea. Kipindi cha Opry kilianza mwezi Novemba 1925, kikiwa bado hakina jina hilo. Usiku mmoja wa mwaka 1927, mtangazaji George Hay alipolitamka jina la Grand Ole Opry kwa mara ya kwanza hewani, aliyekuwa ametoka kupiga muziki dakika hiyo alikuwa DeFord Bailey. Mwaka uliofuata alipanda katika kipindi hicho mara nyingi kuliko mwanamuziki mwingine yeyote. Yaani kipindi kilichopata kuwa maarufu kuliko vyote vya muziki huo kilipewa jina mbele ya mtu mweusi aliyekuwa na kinanda mkononi.

Redio haionyeshi sura. Maelfu ya watu walikusanyika majumbani mwao kumsikiliza, na wengi hawakujua ni mweusi. Lakini bendi zilipokwenda kwenye maonyesho ya mikoani, mambo yalibadilika. Watu walilipa fedha wamsikie, wakampigia makofi, kisha hoteli zikakataa kumpa chumba na migahawa ikakataa kumpa kiti. Wenzake weupe walikula ndani, yeye akatafuta familia ya watu weusi mjini humo imhifadhi usiku. Inasimuliwa kwamba mwenzake mmoja, Uncle Dave Macon, alikuwa akiwaambia wenye hoteli kwamba huyu ni mtumishi wake, ili tu aruhusiwe kulala ndani. Tafakari hilo. Mwanamuziki aliyependwa kuliko wote ilimlazimu aitwe mtumishi ili apate paa.

Mwaka 1941, kukiwa na mgogoro wa haki za nyimbo kati ya vituo vya redio na vyama vya watunzi, Bailey aliambiwa asipige zile nyimbo zake zilizojulikana. Halafu akaachishwa kazi. Miaka minne baadaye George Hay aliandika kwamba sababu ilikuwa uvivu, na akalihusisha kosa hilo na rangi yake. Bailey alikuwa tayari na kibanda chake cha kung'arisha viatu hapo Nashville, na kwa miaka mingi iliyofuata ndiyo kazi iliyomlisha. Naamini wapo watu waliokuwa wakimpa viatu vyao avipige brashi, wasijue kwamba vidole vile ndivyo vilivyowaletea treni sebuleni. Alifariki mwaka 1982. Kibao chake cha shaba kikawekwa mwaka 2005, miaka 23 baada ya kuzikwa.

Msomaji anaweza kusema, "Hayo ni mambo ya Wamarekani na rangi zao." Subiri kidogo, kwa sababu mji huohuo unatupa pia dawa, na dawa hiyo ilitoka kanisani.

Kaskazini magharibi ya katikati ya mji kuna Chuo Kikuu cha Fisk. Kilianzishwa mwaka 1866, mwaka mmoja tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumalizika, ili kuwasomesha watu waliotoka utumwani. Kufikia mwaka 1871 fedha zilikuwa zimekwisha na chuo kilikaribia kufungwa. Mwalimu mmoja, George White, akakusanya kwaya ndogo ya wanafunzi tisa, wengi wao waliozaliwa watumwa, wakaondoka tarehe 6 Oktoba kwenda kuimba miji kwa miji. White aliwapa jina la Jubilee, kutoka Walawi 25, ule mwaka ambao watumwa huachwa huru na kila mtu hurudi nyumbani kwake.

Mwanzoni waliimba nyimbo za kawaida za majukwaani. Zile nyimbo za kiroho za wazazi wao, walizoziimba mashambani na usiku wa siri, walisita kuziimba mbele ya watu, maana kwao zilikuwa kitu kitakatifu, na zilikuwa na machungu ndani yake. Walipoziimba, wasikilizaji wakalia. Nao pia walikutana na kilekile alichokutana nacho Bailey miaka 50 baadaye. Watu walilia ukumbini, na hoteli zikawafungia mlango. Lakini hawakuacha. Mwaka 1873 waliimba mbele ya Malkia Victoria wa Uingereza. Fedha walizozipata ziliokoa chuo na kujenga jengo la Jubilee Hall, ambalo mpaka leo limesimama.

Tulisimama nje ya jengo hilo tukiwa kimya. Mwaka huohuo wa 1873 ndipo soko la watumwa la Unguja lilipofungwa, na jiwe la msingi la kanisa kuu la Anglikana pale Mkunazini likawekwa mahali lilipokuwa soko. Bahari nzima iko kati ya Nashville na Mkunazini, lakini waliokuwa wakiuzwa walikuwa ndugu wa damu moja ya Adamu, na katika miji yote miwili mahali pa minyororo pakajengwa nyumba ya sala au ya elimu. Wasomaji wengi wamepita Zanzibar wakala pweza pale Forodhani, wakarudi bila kufika Mkunazini, ingawa hata kwa miguu si mbali.

Jambo la tatu, na hili ndilo linalohusu meza yenyewe. Katika miaka ya 1950 maduka makubwa ya katikati ya Nashville, kama Woolworth, Kress na McLellan, yalimuuzia mtu mweusi sabuni, daftari na nguo. Fedha yake haikuwa na rangi. Lakini katika duka hilohilo kulikuwa na kaunta ya chakula, na hapo hakuruhusiwa kukaa. Nunua, lipa, toka.

James Lawson, Mmethodisti aliyekuwa akisomea uchungaji katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, alianza kuwafundisha wanafunzi katika kanisa la Clark Memorial namna ya kupinga bila kurudisha ngumi. Walifanya mazoezi kama kwaya inavyofanya mazoezi. Wengine waliigiza wanaotukana na kusukuma, wengine wakajifunza kukaa kimya, kumtazama mtu usoni na kutomchukia. Miongoni mwao walikuwamo Diane Nash wa Fisk na John Lewis, kijana aliyekuwa akisoma katika chuo cha theolojia cha Kibaptisti mjini humo. Tarehe 13 Februari 1960, zaidi ya wanafunzi 100, wamevaa nguo zao nzuri za Jumapili, walitoka kanisani kwa Mchungaji Kelly Miller Smith, wakatembea hadi madukani, wakakaa kwenye kaunta na kuomba wahudumiwe. Hawakuhudumiwa. Wakafungua vitabu, wakasoma.

Waliendelea kurudi. Jumamosi ya tarehe 27 Februari vijana weupe waliwavuta kutoka vitini, wakawapiga na kuwazimia sigara mgongoni. Polisi walipofika waliwakamata waliopigwa, zaidi ya wanafunzi 80, wakawaacha waliopiga. Mmoja akitolewa kitini, mwingine alikuja akakaa palepale. Mwezi Machi chuo kikuu kikamfukuza Lawson, na baadhi ya walimu wake wa theolojia wakajiuzulu kwa kupinga. Watu weusi wakasusia kununua mjini, wakati ambao ndio wa kununua nguo za Pasaka. Alfajiri ya tarehe 19 Aprili nyumba ya wakili wao, Alexander Looby, ikalipuliwa kwa baruti, na kwa neema ya Mungu yeye na mkewe wakanusurika. Siku hiyohiyo maelfu ya watu walitembea kimya hadi ofisi ya meya. Pale kwenye ngazi, Diane Nash alimuuliza Meya Ben West kama yeye, akiwa mtu na si mwanasiasa, anaona ni haki kumbagua mtu kwa rangi yake. Meya akakiri kwamba si haki. Tarehe 10 Mei kaunta zikaanza kuwahudumia watu wote.

Hapa niombe uangalie ramani pamoja nami. Duka la Woolworth na jengo la Ryman viko katika mtaa mmoja, ambao zamani uliitwa Barabara ya Tano na tangu 2021 umepewa jina la John Lewis. Ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Tarehe 27 Februari 1960 ilikuwa Jumamosi. Mchana, vijana wa kanisa walipigwa kwa kosa la kuomba sahani ya chakula. Na Jumamosi usiku, kama kila Jumamosi ya miaka ile, mtaa huohuo watu walikaa kwenye mabenchi ya nyumba iliyojengwa kwa ajili ya injili, wakasikiliza muziki wenye banjo, chombo ambacho asili yake ni Afrika, katika kipindi kilichopewa jina mbele ya DeFord Bailey. Naamini wengi wao Jumapili asubuhi walikwenda kanisani. Nao waliimba.

Sitaki kuwahukumu watu wale. Nauliza tu kuhusu sisi. Kaunta yetu iko wapi?

Nitasema ninavyoona. Kaunta yetu iko kwenye harusi zetu. Kamati inakaa wiki nane, inapanga ukumbi, keki na magari. Kwaya inaalikwa iimbe, tena inasisitizwa isichelewe. Wanaimba kanisani, wanaimba ukumbini, bibi harusi analia kwa furaha. Chakula kinapofika, wenye kadi wanapanga foleni. Kwaya haina kadi. Wanaambiwa wasubiri nyuma ya jukwaa, na kikibaki watapelekewa. Wamekaa pale pamoja na dereva wa maharusi, kijana wa vyombo vya muziki na dada wa kazi aliyembeba mtoto wa bosi tangu asubuhi. Tumeipokea sauti, mwenye sauti tumemweka nje.

Kaunta yetu iko pia kwenye mabenchi. Yakobo, sura ya 2, alilieleza kanisa la kwanza hali hiihii: anaingia mtu mwenye pete na nguo safi, anapelekwa mahali pazuri, anaingia maskini, anaambiwa asimame pembeni au akae chini. Yakobo hakuliita jambo hilo itifaki. Aliliita upendeleo, na akasema ni dhambi. Siku za harambee katika sharika zetu, viti vya mbele vyenye vitambaa hujulikana ni vya nani. Mama mjane aliyefagia kanisa Ijumaa na kupanga maua Jumamosi, Jumapili anasimama mlangoni kwa sababu wageni wamezidi.

Tena iko katika mapato. Kwaya inarekodi albamu, nyimbo zinapigwa redioni na kwenye mabasi ya mikoani, na kijana aliyeutunga wimbo ule hajui hata ziliuzwa nakala ngapi. Mpiga kinanda anahudumu miaka 10, na siku akiomba nauli anaambiwa amtumikie Mungu kwa moyo. Kumtumikia Mungu kwa moyo ni jambo jema, lakini neno hilo linapendeza zaidi kinywani mwa anayetoa kuliko kinywani mwa anayepokea bure. Paulo anatukumbusha kwa Timotheo kwamba mtenda kazi anastahili ujira wake.

Nimeshasikia majibu ya hoja hii. Wapo wanaosema kiti si jambo la kiroho, muhimu ni mbinguni sote tutakaa pamoja. Lakini katika 1 Wakorintho 11 Paulo analikemea kanisa kwa jambo la sahani kabisa. Wenye nacho walitangulia kula wakashiba, wasio nacho wakafika wakakuta makombo, halafu wote wakajidai wanashiriki Meza ya Bwana. Paulo akawaambia kwamba hicho wanachokula si chakula cha Bwana. Kwake yeye, namna tunavyogawana chakula cha kawaida inagusa uhalali wa ushirika wetu mtakatifu. Huwezi kumnyima mtu kiti Jumamosi ukumbini, kisha Jumapili ukapiga naye magoti madhabahuni kana kwamba hakuna lililotokea.

Wengine watasema bajeti haitoshi. Inawezekana. Lakini bajeti hiyohiyo ilitosha kwa fataki na kwa kumkodi mshereheshaji. Bajeti huonyesha tumemkumbuka nani kwanza. Bwana wetu, katika Luka 14, alishauri kabisa jinsi ya kupanga orodha ya wageni: ukifanya karamu usiwaite tu rafiki na majirani matajiri watakaokualika nao, waite maskini na vilema, wasio na cha kukulipa.

Basi napendekeza mambo matatu, na yote yanawezekana kuanzia wiki hii. Kamati ya harusi iandike majina ya wanakwaya, madereva, wapishi na dada wa kazi katika orodha ya kadi kabla ya kuandika wageni wa heshima, na meza yao ijulikane. Uongozi wa kwaya usome mapato na matumizi ya albamu mbele ya wanakwaya wenyewe, na mtunzi apewe chake. Na wazee wa kanisa, siku kanisa linapojaa, wao ndio wasimame, wajane na wazee wakae. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mfadhili kutoka nje.

Na ninyi marafiki mnaochanga fedha kwenda kutembea, nendeni. Sioni dhambi ndani yake. Yesu mwenyewe alisafiri na rafiki zake kwa miguu miaka mitatu, na walikula kwenye nyumba za watu. Ila mkifika mji wowote, iwe Nashville, Bagamoyo au Mombasa, msiridhike na mtaa wenye taa. Mwulizeni mwenyeji: ni nani hapa aliyetoa kitu kizuri na hakupewa mahali pa kukaa? Mahali hapo mkapaone pia. Kule Nashville safari yote kutoka Ryman hadi kaunta ya Woolworth haikutugharimu hata senti moja.

James Lawson, yule aliyefukuzwa chuoni, alirudishwa baadaye na chuo hichohicho kwa heshima, akafundisha pale. Chuo kiliomba radhi. Ni vizuri kwamba kiliomba, na ni vizuri kwamba yeye alikuwa hai kuisikia. DeFord Bailey hakukiona kibao chake. Katika usharika wako yuko mtu ambaye siku ya mazishi yake tutasimama kusema jinsi sauti yake ilivyotubariki, na tutachanga maua mengi. Wiki hii bado yu hai. Leo baada ya ibada mtafute, umwite jina lake, umkaribishe nyumbani ale na watoto wako.

Mungu atupe macho ya kuwaona wanaotuimbia. Jumapili njema.